Kabla hujampa mpangaji funguo

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Chanika, hongera kwanza kwa nyumba. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani, ukuta umezungushwa na geti limesimama. Najua hiyo ni miaka ya vikoba, ya saruji mifuko mitano leo na mitano mwezi ujao, ya bati zilizonunuliwa kidogo kidogo. Sasa unasema dalali ameshaleta mtu, mtu ana kodi ya miezi sita mkononi, na mkataba "tutanunua pale steshenari tujaze majina". Nimeona nikujibu haraka, na niwajibu pamoja nawe wote wanaopangisha kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Hiyo pesa usiipokee bado. Mwambie mpangaji akupe siku mbili tatu. Kama ana nia atakusubiri, na kama hawezi kusubiri karatasi iandikwe, ni vizuri umejua sasa.

Ile fomu ya steshenari naifahamu. Ni ukurasa mmoja ulionakiliwa mpaka herufi zimefifia, una nafasi ya jina, kiasi, tarehe na sahihi. Haijui kama nyumba yako ina mita moja ya LUKU au mbili. Haijui shimo la choo likijaa nani anaita gari. Haijui kama mpangaji anakuja na mke na watoto wawili au na vijana wanane wa kazi moja. Na mambo hayo ndiyo yanayowafikisha watu kwa mjumbe wakiwa wamekunja sura.

Kwa hiyo chukua daftari, kaa chini, jiulize swali moja tu: siku mtu huyu anahama, tutabishana kuhusu nini? Kila jibu utakalopata ni kifungu cha mkataba wako. Watu wengi huandika mkataba wakifikiria siku ya kuingia, wakati wote wawili mnacheka na mnaitana majina mazuri. Lakini mkataba husomwa siku ya kutoka. Uandikie siku hiyo.

Uandike kwa Kiswahili. Bado kuna wanaoamini kwamba mkataba usio wa Kiingereza hauna nguvu, wanalipia maneno ambayo wala wao wala mpangaji hawayaelewi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Ukitaka wakili aupitie, mpelekee ule ulioandika mwenyewe, akurekebishie palipo na kasoro. Utapata mkataba wa nyumba yako, si wa nyumba ya mtu mwingine.

Tuanze na wewe, maana wengi hurukia kumchunguza mpangaji wakajisahau. Nyumba ni ya nani? Kama umeolewa au umeoa, na hiyo ndiyo nyumba mnayoishi kama mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzako kabla hujaiuza, hujaiweka rehani wala hujaipangisha. Kupangisha kumo humo. Utakuta mtu amehamishiwa kazi Dodoma, anaifungua nyumba ya familia kwa mpangaji bila kumwambia mwenzake aliye kwao likizo, na mpangaji wa watu anajikuta katikati ya ugomvi wa ndoa. Hata kama ni nyumba ya pili, ambayo hamuishi, mwenzako asaini nawe. Haikupunguzii kitu, na inakuondolea maneno.

Kama nyumba ni ya marehemu baba, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa hawi msimamizi kwa kuwa mkubwa. Mkipangisha kienyeji, kila ndugu atapita kuchukua kodi kwa wakati wake, na mpangaji atalipa mara mbili au hatalipa kabisa.

Baada ya hapo ndiyo umgeukie mpangaji. Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya NIDA, simu, anapofanya kazi au biashara, na jina na simu ya mtu wake wa karibu. Hili la mwisho usiliache. Mtu akiugua usiku, au akisafiri akapotea miezi mitatu na vyombo viko ndani, utamtafuta nani? Andika pia watakaoishi humo ni wangapi. Idadi hiyo haikupi ruhusa ya kuwahesabu wageni wake. Inakusaidia pale unapokuta nyumba ya watu wanne imegeuka bweni.

Halafu nyumba yenyewe ielezwe isichanganywe na nyingine: mtaa, kata, namba ya nyumba kama umeshawekewa anwani ya makazi, na kilichopangishwa ni kipi hasa. Nyumba nzima? Na uani je? Na kile kibanda cha nyuma unachohifadhia mbao? Kama mbao zako zitabaki humo, andika, na andika utaingia kuzichukua kwa utaratibu gani.

Sasa pesa. Kodi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa shilingi. Wale wa Masaki na Mikocheni waliozoea kupanga bei kwa dola wajue kwamba kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Andika inalipwa lini, kwa akaunti ipi au namba ipi ya simu, na kwamba kila malipo yana risiti. Daftari la risiti ni pesa ndogo sana. Andika pia kwamba kodi haitapanda ndani ya muda wa mkataba, na kama unakusudia kupandisha mkataba ukihuishwa, utamwarifu miezi mingapi kabla. Mimi napenda miwili au mitatu, ili mtu apate nafasi ya kukubali au kutafuta kwingine kwa heshima.

Umeniuliza kama uombe kodi ya mwaka mzima. Sikushauri. Najua una madeni ya fundi na unataka kuyamaliza. Lakini fikiria: pesa ya mwaka inaingia Januari, inaisha Februari, masika ya Machi yanakuja, paa linavuja, na wewe huna hata ya kununua bati moja. Mpangaji naye amekopa kukulipa, kwa hiyo kila tone la mvua linamuuma mara mbili. Miezi mitatu inatosha kwa nyumba kama yako, sita kama hamkuweza kukubaliana chini ya hapo. Na kiasi fulani cha kila kodi kitenge kwa ajili ya matengenezo, kisiguswe kwa harusi wala kwa ada.

Serikali nayo ina sehemu yake, na hapa ndipo wenye nyumba wapya wanaposhtuka. Tuchukue kodi ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,000,000. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10. Mpangaji ndiye anayeikata kwenye kile anachokulipa na kuipeleka TRA, lakini mzigo wake ni wako wewe uliyepata kipato. Kwa hiyo akikulipa miezi sita, shilingi 1,500,000, zuio ni 150,000, na unachopokea ni 1,350,000 pamoja na uthibitisho kwamba ile nyingine imefika. Kama hamkuzungumza mapema, mpangaji atakayekata utamwona mwizi, na asiyekata atakuja kuona umemtega. Iwekeni kwenye mkataba kwa maneno yanayoeleweka: nani anapeleka, lini, na nakala ya stakabadhi inakwenda kwa nani.

Kuna ushuru wa stempu pia, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa mfano wetu ni 30,000, na mkataba upelekwe ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Wengi huupuuza kwa kuwa hakuna anayekuja mlangoni kuuliza. Tatizo ni kwamba mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe. Yaani ile siku unayouhitaji zaidi ndiyo utaambiwa urudi ukalipie kwanza. Kubalianeni nani anatoa hiyo 30,000, au mgawane.

Halafu hili dogo linaloleta manung'uniko kila kona ya mji: kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye jengo ni wewe. Kwa mwaka anakuwa amekulipia 18,000 bila mtu yeyote kumwomba. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo andika kwamba itapunguzwa kwenye pango kila anapolipa. Shilingi 1,500 haitakufilisi, na mpangaji akiona umeiandika wewe mwenyewe bila kulazimishwa, atajua anaishi kwa mtu wa haki.

Ukiwa hapo hapo kwenye umeme, kama mita ni moja na baadaye utajenga chumba uani ukampangisha mwingine, weka mita ndogo za kugawia mapema. Sijaona ugomvi mchungu kama wa wapangaji wawili na friji moja. Maji hali kadhalika: bili ya DAWASA inatoka kwa jina lako, akihama na deni linabaki kwako, basi kila mwezi akutumie picha ya bili iliyolipwa. Ada ya taka, ulinzi wa mtaa, na gari la kuvuta choo, vyote viwe na mwenyewe kwenye karatasi.

Amana ni juu yako. Ukichukua ya kodi ya mwezi mmoja, andika itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kuhama, na itakatwa kwa mambo gani tu. Halafu iweke mahali ambapo hutaigusa, maana ni pesa ya mtu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho fomu ya steshenari haina kabisa. Siku moja kabla hajaingia, mzunguke nyumba pamoja, mchana, mkiwa na karatasi. Chumba kwa chumba. Milango mingapi, vitasa vinafanya kazi, funguo ngapi unampa. Vioo vya madirisha vyote vizima? Nyavu zimetoboka wapi? Washa kila taa, chomeka chaja kwenye kila soketi, fungua kila koki uone maji, vuta choo uone kinavyojaa. Feni ya sebuleni ina mlio? Andika ina mlio. Kigae cha jikoni kimepasuka kona? Andika, piga picha. Soma mita ya maji uandike namba, andika na uniti zilizobaki kwenye LUKU. Picha zote mtumiane kwa simu siku hiyo hiyo, ili tarehe ijulikane. Kisha wote wawili msaini hiyo orodha, iambatanishwe na mkataba.

Siku ya kuhama mtaishika orodha hiyo hiyo na kuzunguka tena. Hakutakuwa na "nilikuta hivyo" wala "uliivunja wewe".

Lakini ndani ya orodha hiyo uwe mkweli kuhusu uchakavu wa kawaida. Rangi ikififia baada ya miaka miwili ya watu kuishi, hiyo ni nyumba imetumika, na kupaka upya ni kazi yako. Mlango uliopigwa teke ukapasuka ni wa aliyeupiga. Nimesikia wenye nyumba wanaomla mpangaji amana yote kwa ndoo ya rangi, na huwa inaniumiza, kwa sababu mara nyingi aliyeliwa ni kijana anayeanza maisha na alikuwa anaitegemea hiyo pesa kulipia chumba kinachofuata.

Matengenezo yafuate njia hiyo hiyo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inakuwekea wajibu hata kama mkataba uko kimya: nyumba ya kuishi iwe inafaa binadamu kuishi, na unapopangisha sehemu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni vyako kutunza. Vidogo vya matumizi ya kila siku, balbu, koki iliyolegea, kitasa alichopoteza ufunguo wake, vinaweza kuwa vyake. Kati ya hivyo viwili weka utaratibu: akikuarifu kwa ujumbe, utafika ndani ya siku ngapi, na usipofika, anaruhusiwa kutengeneza mpaka kiasi gani na kukata kwenye kodi kwa kuonyesha risiti. Kifungu hiki kinawaogopesha wenye nyumba. Mimi naona kinawalinda, maana bomba linalovuja wiki tatu huku mkisubiriana litakula ukuta wako, si wake.

Sheria hiyo hiyo inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa na wewe. Akishalipa, pale ni kwake. Usiingie asipokuwepo. Usibaki na ufunguo wa akiba kwa siri. Andika kwamba ukitaka kukagua utamwarifu siku moja kabla, isipokuwa kuna dharura kama moto au maji kufurika. Wadogo zangu wa kike mnaopanga peke yenu mnaniandikia sana juu ya wenye nyumba wanaogonga usiku kwa visingizio. Wewe leo umekuwa mwenye nyumba. Kuwa yule uliyetamani kumpata ulipokuwa unapanga.

Na acha zile sheria za kuonea. Geti kufungwa saa nne usiku wakati mpangaji wako ni muuguzi wa zamu? Wageni marufuku? Asizae akiwa humo? Mkataba wenye maneno kama hayo hauheshimiki hata pale unaposema jambo la maana. Andika yale yanayogusa nyumba na majirani: asigeuze sebule kuwa gereji au baa, asibomoe ukuta, asimpangishe mtu mwingine bila ridhaa yako ya maandishi, muziki usiwakoseshe watu usingizi.

Tumefika kwenye kuachana. Andika tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mkataba wa mwaka mmoja au chini unaweza hata kuwa wa mdomo kisheria, ila wewe usithubutu. Ukizidi mwaka, maandishi ni lazima. Andika notisi: akitaka kuondoka kabla ya muda atatoa taarifa ya miezi mingapi, na kodi aliyokwisha kulipa itakuwaje. Andika vilevile wewe ukitaka nyumba yako. Haki ya kuvunja mkataba ikiwa ya upande mmoja tu, anayesaini anajua, hata akinyamaza. Na akichelewesha kodi, weka siku za kuvumiliana, halafu barua ya kumkumbusha, halafu notisi. Kila hatua kwa maandishi, na nakala ubaki nayo.

Kufuli juu ya kufuli lake, kung'oa mlango, kukata umeme, kutoa vyombo nje ukiwa na vijana wa mtaani, hayo usiyafanye hata siku moja. Unaweza kuwa unadai kodi ya miezi minne na bado ukageuka wewe kuwa mshtakiwa. Mkishindwana, Baraza la Kata linaweza kuwapatanisha, na lisipofanikiwa, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linalosikiliza shauri. Kumtoa mtu kwa nguvu kunafanywa kwa amri iliyotolewa huko, na mwenye kazi hiyo ni dalali wa mahakama. (Wasomaji wangu wa Zanzibar, ninazungumzia sheria za Bara. Utaratibu wa orodha na risiti uchukueni, kwa sheria ulizeni huko huko.)

Siku ya kusaini, kila upande uwe na shahidi wake. Dalali asiwe shahidi pekee, maana yeye ameshapata chake na kesho yuko nyumba nyingine. Mnaweza kwenda mbele ya wakili, na serikali ya mtaa ipewe taarifa kwamba kuna mkazi mpya. Kila ukurasa usainiwe, si wa mwisho tu. Nakala mbili halisi, moja yako, moja yake. Mpe nafasi ausome nyumbani usiku mmoja. Akirudi na maswali, furahi, umempata mtu anayesoma anachosaini.

Limebaki la ndugu, ambalo wengi mmeniuliza. Binamu anatoka Tabora, anatafuta pa kukaa, mama amekupigia simu. Karatasi ni ile ile. Kama unampunguzia, andika kodi halisi na kiasi ulichompunguzia, ili siku ukirudisha bei asione umempandishia. Kama unampa akae bure, andika ni bure mpaka tarehe fulani. Orodha ya nyumba mzunguke naye kama ungezunguka na mgeni, na mjomba au shangazi mmoja mnayemheshimu wote awe shahidi. Atakasirika kidogo kuletewa kalamu na dada yake. Muache akasirike, mpikie chai, lakini funguo zibaki mfukoni mwako mpaka asaini.